Theluji ya Chai ya Bibi Aluki

Mama mkwe wangu, Aluki, hanywi chai ya maji ya tangi. Anasema yananuka dawa. Huku kwetu kaskazini ya mbali, majira ya baridi huchukua msumeno wake, akakata theluji ngumu kwenye mteremko ulio karibu, akaja kuiyeyusha sufuriani. Mteremkoni hapo hapo, kiangazi, ndipo alipokuwa akichuma matunda meusi ya kula na mafuta ya sili, yule mnyama wa baharini. Alionyeshwa mahali hapo na mama yake.

Kwa miaka mitatu hatukupata hata kikombe kimoja cha matunda hayo. Alikuwa na uchungu sana. "Nitakufa sijayaonja tena," akasema.

Binti yangu Nivi anafanya kazi na wapima mimea. Ni somo wa marehemu mama yake Aluki, na kwetu jina likirudi, mtu amerudi. Kwa hiyo bibi humwita mjukuu wake "Mama." Usicheke.

Nivi alichomeka vijiti vyenye alama mteremkoni. Katikati ya baridi akapima theluji. Pale bibi alipokata, shubiri moja. Hatua ishirini mbele, ilimfika kiunoni. Theluji ilipoyeyuka, akalaza fremu ya mbao chini, akahesabu maua ya matunda yale ndani yake. Pale alipokata bibi, manne. Kule mbele, sitini na moja.

"Theluji ni blanketi la mimea," Nivi akamwambia. "Ukilifunua, machipukizi yanakufa kwa baridi."

"Nimekata pale miaka arobaini. Mbona hayakufa?"

"Zamani ilianguka nyingine, shimo likajaa. Siku hizi theluji ni haba. Ukiitoa, imetoka."

"Mtoto wa juzi unanifundisha mimi theluji?"

"Mimi ni mtoto, au ni mama yako? Chagua moja, bibi."

Mimi nikajifanya natafuta kijiko.

Baridi iliyofuata mama mkwe alichemsha chai kwa barafu ya ziwani. Alinung'unika kila siku kwamba ni mbali, lakini mteremko hakuugusa. Kiangazi, Nivi akahesabu tena pale pale. Maua thelathini na nane.

Mwezi wa nane tulikwenda sote. Matunda hayakuwa mengi kama zamani, ila kikombe kilijaa. Mama mkwe alichuma amepiga magoti, machozi yakimtoka, wala hakuyafuta. Kisha akamgeukia Nivi.

"Fungua mdomo, Mama. Wewe kwanza."

Nivi akala, akatafuna taratibu.

"Asante, mwanangu," akasema. "Siku hizi unasikia."