Chupa Iliyobebwa Kama Kichanga

Chupa iliyoibiwa ilikuwa moja tu. Nyingine zaidi ya mia mbili zilikuwa zimelala kwenye rafu za ghala lililo chini ya nyumba, na hakuna hata moja iliyoguswa.

"Mwizi gani huyu anayechagua?" Sajenti aliuliza, akimulika tochi.

"Anayejua anachokitaka," Inspekta alijibu. Moyoni alishukuru. Wiki nzima alikuwa akifunika maiti, na leo kaitwa kwa ajili ya chupa.

Kufuli halikuvunjwa. Pale ilipolala chupa palibaki alama isiyo na vumbi, na kando yake doa jekundu. Inspekta aliligusa kwa kidole chenye glavu. Lilinata. Akaamuru lichukuliwe sampuli.

Mwenye nyumba, daktari mstaafu wa upasuaji, alikuwa ameketi kwenye ngazi, mkono kifuani. Mkewe alisimama karibu naye.

"Ni mvinyo mzito, uliotiwa pombe kali ili uishi miaka mingi," Daktari alieleza. "Ulitengenezwa mwaka tuliooana. Tulikuwa tuufungue Jumamosi, kwenye kumbukumbu ya ndoa. Lakini hospitali wameniita. Kesho napasuliwa moyo, afande. Tukaamua iwe leo, maana hiyo Jumamosi sina uhakika nayo."

"Usijitabirie mabaya, mume wangu."

"Nani ana ufunguo?" Inspekta aliuliza.

"Mimi. Mpwa wangu, anaishi hapa. Na Kizibo, aliyeniuzia chupa yenyewe. Huja kuzikagua mara kwa mara."

Mpwa aliletwa. Alikuwa mtu mzima mwenye maneno mengi kuliko kazi.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapo sebuleni, natazama mpira."

"Unaijua ile chupa?"

"Mjomba anaisimulia asubuhi na jioni. Hata paka anaijua."

"Nani aliingia?"

"Kizibo. Alipotoka alikuwa kalibeba koti lake hivi." Alikunja mikono yote miwili kifuani, kama anayebeba kichanga. "Nikadhani limelowa."

Sajenti alimtazama kwa jicho la mashaka. Mkosaji hakosi wa kumsingizia. Inspekta yeye alionyesha rafu.

"Hebu nipe ile chupa pale."

Mpwa aliikamata shingoni, akaichomoa na kuisimamisha.

"Mashapo!" Daktari alipiga kelele. "Umeyavuruga mashapo, mharibifu wewe! Hilo doa jeupe hulioni?"

Kila chupa kongwe ilipakwa doa la rangi upande wa juu. Aliyeihamisha alipaswa kuilaza doa likiwa juu vilevile, ili mashapo yabaki chini na mvinyo usichafuke. Mpwa aliishi juu ya ghala hilo miaka yote na hakulijua hilo. Inspekta alitabasamu. Huyu angeiba, angeiba kwa kushika shingo. Na asiyejua chupa inabebwaje hawezi kutunga uongo kuhusu namna ilivyobebwa.

Duka la Kizibo lilikuwa mtaa wa pili. Kizibo mwenyewe alikuwa mzee mfupi, mwenye kovu refu lililozunguka kiganja cha kulia. Inspekta aliomba kuona chupa kongwe. Kizibo aliiinua kwa mikono miwili, imelala, doa jeupe juu.

"Unaibeba kama kichanga."

"Ndivyo zinavyobebwa, afande."

"Na ya Daktari uliibeba hivyohivyo jana?"

Kizibo aliirudisha chupa rafuni. Inspekta akamkumbusha kwamba ana haki ya kutosema neno.

"Nimenyamaza tangu jana, afande. Nimechoka."

Aliwaongoza chumba cha nyuma. Chupa mbili za mwaka mmoja zililala sambamba. Ya kwanza ilikuwa na ufa kwenye lakiri iliyoziba mdomo, na chini ya shingo palinata. Ya pili ilikuwa nzima, doa lake jeupe linang'aa. Sajenti aliligusa, kidole kikatoka na rangi.

"Hiyo mbovu ndiyo ya Daktari," Kizibo alisema. "Inavuja. Humo ndani mvinyo umeshaharibika. Nilimwambia, 'Mzee, umri wetu si wa kununua mvinyo mchanga tukangoja. Nunua uliokwisha komaa.' Lakini ukinunua mchanga unategemea subira yako. Ukinunua mkongwe, unategemea uangalifu wa watu usiowajua. Mimi ndiye niliyepaswa kuangalia, na sikuangalia."

"Na hii nzima?"

"Yangu. Niliinunua ingali changa, mwaka wa ajali." Aliinua mkono wenye kovu. "Kreti ziliuponda. Madaktari wenzake Daktari walitaka ukatwe. Yeye akasema, 'Ngojeni kwanza,' akashona mpaka jua likazama. Kila zawadi ninayompelekea anairudisha. Anasema alifanya kazi yake tu. Hata hii angeikataa."

"Kwa hiyo ukaiba ili umpe."

"Nibadilishe tu, asijue. Lakini doa la yangu lilikuwa limefutika. Bila doa angeshtuka. Nikaichukua yake nifuatishe doa, nikalipaka la yangu, na rangi ya mafuta haikauki upesi. Nilijua nina muda hadi Jumamosi. Kumbe Jumamosi yao ni leo."

"Sheria ni msumeno," Inspekta alisema. "Twende. Chupa uzibebe wewe."

Daktari alisikiliza yote bila kumkatiza Inspekta. Kisha akasema hana mashtaka. Aliushika mkono wa Kizibo, akaugeuza, akapitisha kidole juu ya kovu.

"Miaka yote nawazuia watu kunishukuru," alisema. "Nikajiona mnyenyekevu. Kesho nitalala mimi mezani, na jana nilimuuliza mke wangu tutampa nini yule daktari. Nikaona aibu. Fungua hiyo yako, Kizibo. Kwa mkono huu."

"Mkono unatetemeka, mzee."

"Utetemeke. Niliushona ufanye kazi, sikuushona utulie."

Mkewe alileta glasi, na moja akamwekea Inspekta.

"Niko kazini, mama."

"Basi kichunguze kielelezo chako," mama alisema, na Inspekta akaipokea.

Daktari alionja. Akafumba macho kwa muda, mkono wa mkewe ndani ya wake.

"Ahsante, ndugu yangu."

Kizibo aliinamisha kichwa. "Nilifanya kazi yangu tu, mzee."

Daktari alipiga meza, glasi zikaruka. "Pokea, bwana wee! Usinifanyie nilivyokufanyia!"

Kizibo akafuta macho kwa mkono ule ule ulioshonwa. "Nimepokea," akasema.