Sauti ya Tano

Muziki ulikuwa na sauti nne, na Prosperi alizipanga zote kwa mkono wake, nota moja moja, kwenye kompyuta. Sasa zinalia tano. Akaifuta ile ya tano, akasikiliza tena. Ilikuwapo.

Huyu Prosperi ni mtu wa Ulyankulu, mpiga kinanda wa kanisani, amepanga na mkewe Esperansi kwenye nyumba kuukuu ya Waarabu hapa mtaani Gongoni. Kanisa halina kinanda kikubwa cha mabomba kama vile vya Ulaya, basi akajitia kukiunda ndani ya kompyuta. Akayaweza yote isipokuwa mwangwi. Muziki ulilia mkavu, kama mtu anayeimba ndani ya kabati. Ndipo akakumbuka chumba cha nyuma, kirefu, walimolala wapagazi enzi za misafara. Akaingia na maiki, akapiga makofi, akaurekodi mwangwi wake na kuutia kwenye muziki. Hodi hakupiga. Apige kwa nani, chumba kitupu?

Esperansi alianza kunusa mambo. Mume anainuka kwenye kompyuta ananukia udi, na wao udi hawachomi. Anatabasamu peke yake, hedifoni masikioni. Na Esperansi ndiye sauti ya kwanza ya kwaya, Prosperi alimpendea hiyo hiyo sauti, leo akiimba jikoni anaambiwa anyamaze. Wivu ukamkaba, jamani. Mchana mmoja akamvua hedifoni, akazivaa mwenyewe.

"Nani huyu?"

"Ni mashine, mama."

"Mashine haivuti pumzi, Prosperi."

Tangu hapo koo lake likaanza kukauka, na kila lilivyozidi kukauka ile sauti ya tano ilizidi kunona, mpaka ikawa inasikika hata kompyuta ikiwa imezimwa, inapita ukutani, inazunguka kitanda upande wa mume tu, na Esperansi amelala macho wazi hawezi hata kukohoa.

Wakaenda kwa Bi Thuraya, mwenye nyumba. Aliitikia shikamoo yao, akawasikiliza, kisha akashusha sauti.

"Chumba kile kina mwenyewe, jini wa kike, sisi tunaingia kwa hodi. Wewe umeingia kimya, ukampigia makofi. Mwanamke akipigiwa makofi chumbani mwake anajua ameitwa. Amekuja, amekuta una mke."

"Tufanyeje, Bi?"

"Futa kila kilichotiwa mwangwi ule. Usibakize hata kidogo. Kisha umtake radhi, mkeo akiwa ubavuni mwako."

Prosperi alifuta, machozi yanamtoka, akaomba radhi mkewe akiwa ubavuni. Bi Thuraya akafukiza ubani, akasoma, na kabla ya magharibi Esperansi alikuwa anaimba uani, mzima kabisa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini Prosperi alikuwa amebakiza nakala kwenye flashi. Kazi ya Kwaresima nzima, ataitupaje? Na jini si ameshaondoka?

Pasaka akaichomeka kwenye spika za kanisa. Zikaanza sauti nne, safi, waumini wakatulia. Ilipofika zamu ya kwaya Esperansi akafungua kinywa, na hakikutoka kitu. Sauti yake ikatokea kwenye spika, ile ile, na kile kikwaruzo chake kidogo cha mwanzoni.

Prosperi akachomoa flashi. Sauti haikukoma. Ilimaliza ubeti, ikavuta pumzi, ikamwita kwa jina ambalo mkewe humwita wakiwa wawili tu chumbani. Esperansi alikuwa amejishika koo, anamtazama.