Mkunjo wa Kushoto

"Mbegu imetoka! Picap nyeupe imevunja geti!" redio ilikoroma kwenye kola ya Bubu.

"Nimeiona."

Akaitia moto pikipiki yake ya Yamaha. Mbele, picap ilitimua vumbi kati ya mistari ya mahindi. Ndani alikuwamo mnunuzi kutoka ng'ambo, na pembeni yake Mama Mkasi, kakumbatia chupa ya chai isiyo na chai.

Chupa ilikuwa na mbegu mama, punje mia mbili, jasho la miaka kumi na miwili. Bila mbegu hiyo hupati mahindi chotara yanayohimili ukame. Zikivuka mpaka, wakulima wa nchi nzima watawapigia wageni magoti.

Mwaka wa tatu huu Bubu alikuwa mchavushaji, mtu wa kupaka mahindi chavua kwa mkono, katika shamba lile la utafiti. Kwamba ni jasusi wa serikali anayelinda mbegu, alijua mkuu wake tu. Mke hana, jirani hana. Alikuwa na Mama Mkasi, mchavushaji mwenzake, aliyemgawia chakula kila adhuhuri na kumwita mdogo wangu. Benchini yeye hukaa kulia, mama, anayetumia mkono wa kushoto, hukaa kushoto, viwiko visigongane. Haki ya Mungu, upweke ni ugonjwa, na mama yule ndiye aliyekuwa dawa.

Jana alikuta mfuko wa karatasi uliofunika hindi la mbegu mama lisipate chavua ngeni. Ndani, gunzi tupu. Wachavushaji karibu wote hukunja mfuko kuelekea kulia.

Huu ulikunjwa kushoto.

Aliripoti wizi. Jina akalimeza.

Sasa aliikaribia picap; bastola yake ya Browning ikabweka mara mbili. Tairi likapasuka, picap ikatumbukia mtaroni. Mnunuzi akachomoa bastola. Bubu akamwahi kwa teke la mkononi, kisha pingu.

Mama Mkasi akamkabidhi chupa mwenyewe.

"Waliniahidi kunifikisha kwa mwanangu huko ng'ambo," alisema. "Ulijuaje, mdogo wangu?"

"Mkunjo wako, dada."

"Tangu lini?"

"Jana asubuhi."

"Na mchana tukala pamoja?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

Walinzi wa shamba wakafika, wakawachukua wote wawili pamoja na chupa. Redio ikakoroma.

"Bubu, hali?"

"Mbegu salama."

"Kazi safi. Kesho unahamia kituo kingine."

"Nimepokea."

Akashusha kofia usoni, akaondoka kwa miguu kati ya mahindi, hana haraka. Kengele ya saa sita ikalia. Akafika kwenye benchi, akafungua chakula chake, akakaa mwisho kabisa wa kulia.