Washauri Wawili na Shuka Moja

"Mama, hawa wasichana wako si ndio wanaopatanisha wenzao chuoni? Mbona wao kwa wao hawasalimiani?"

Jirani aliniuliza hivyo asubuhi tukianika nguo, jua zuri, uwanja umeshafagiliwa. Nikacheka, nikasema ni utoto. Ndugu zangu, nilijua si utoto.

Tangu mume wangu afariki ninakaa na wasichana wawili: binti yangu wa kumzaa, na mtoto wa shemeji yangu tunayemwita Mrefu. Wote wanasomea uuguzi mwaka wa pili, na wote walichaguliwa kuwa washauri wa wanafunzi wapya. Kwenye semina waliambiwa wazi: wawili wakigombana, waketisheni pamoja, wasikilizeni pamoja. Mrefu hupenda kukata maneno, binti yangu hupenda kuyafunika. Wangesaidiana ingekuwa heri. Wao wakapimana ubavu.

Basi wanafunzi wapya wawili walipangwa kutandika kitanda cha mgonjwa, mmoja huku, mmoja kule. Kila siku shuka likaenda upande. Mmoja anavuta mapema, mwenzake anakasirika analiachia. Mtihani wa vitendo ulikuwa Ijumaa, na huyu wa kuachia alishaanguka mara moja. Akianguka tena, anarudishwa kwao.

Washauri wetu, kwa kutotaka kukaa meza moja, wakagawana: Mrefu akamsikiliza yule wa kuvuta, binti yangu akamsikiliza huyu wa kuachia. Mnaliona kosa? Kila mmoja akatoka na mtu wake kama wakili.

Alhamisi jioni yule wa kuachia akaja nyumbani. Akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, begi mapajani.

"Shikamoo mama. Nimekuja washauri wanisaidie. Mwenzangu hataki kufanya mazoezi na mimi."

"Atatakaje, na wewe unamwachia shuka kama unamtega?" Mrefu akasema. "Omba msamaha, yaishe."

"Mwache amalize kusema," binti yangu akadakia.

"Wewe ndiye umemdekeza. Eti pole mwaya, yatapita. Haya, yamepita?"

"Afadhali mimi. Wewe wako umemwambia asimguse mwenzake mpaka apigiwe magoti."

"Ndiyo, nimemwambia. Na upole wako huo mbona sufuria hauoshi? Naosha mimi."

"Unalala kwa baba yangu halafu unanihesabia sufuria?"

Mrefu akamwangalia binti yangu kama anayepima pa kupiga. Mgeni hakuna aliyemkumbuka.

FUNZO

Anayesikiliza upande mmoja hapatanishi, anajiunga na vita. Upo ugomvi wa kulegeza, upo wa kukaza, upo wa kukutana katikati. Lakini hutajua ni upi mpaka uwasikie wote wawili wakiwa wanatazamana. Na wanaofanya kazi moja wasafishe ya kwao kwanza, maana uchafu wao utamwagikia aliyekuja kuomba msaada.

Wazazi wenzangu, na mimi nina sehemu yangu. Niliwaona tangu mwanzo, nikawaombea, nikanyamaza. Kuomba ni kwema, ila Mungu alinipa na mdomo.

Ijumaa yule msichana hakufika kwenye mtihani. Kitanda chake bwenini amepewa mtu mwingine.

Ile jioni ya Alhamisi, nilipofunga kitabu cha sala nilichokishika wakigombana, yule mgeni tayari alikuwa amesimama. "Mwanangu, ngoja kidogo," nikamwambia. Akakirudisha kigoda ukutani pale alipokikuta, akavaa viatu, akatoka.