Mgeni wa Betri ya Zamani

Hebu fumba macho kidogo, uone mtaa mmoja wa Njiro umeme ulipokatika baada ya magharibi. Kuta za nyumba zimezama gizani, na Mlima Meru hauonekani. Nyumba moja tu inawaka taa: sebuleni, jikoni, hata barazani. Ndani yake mtoto wa miaka saba amelala mezani, shavu lake limeegemea ukingo wa sahani ya ndizi ambazo hajazigusa.

Mtoto huyo ni Kauthar. Baba yake, Mikidadi, alikuwa dereva wa wageni wanaokwenda kutazama ndege katika maziwa ya Momela. Gari lake lilikuwa la umeme, la mtumba kutoka Japani, na wageni walilipenda kwa sababu halikuwashtua ndege. Lakini betri yake ilikuwa imezeeka. Zamani ilikwenda Momela na kurudi; siku hizi ilikuwa inaishiwa nguvu kabla ya Usa River. Fundi Fanuel wa Moshono akaitoa, akafunga nyingine.

"Hii ya zamani usiitupe, kaka," Fanuel alimwambia. "Kuvuta gari haiwezi tena, lakini ndani yake kuna seli ambazo bado ni nzima. Nikizichagua hizo, zitakuwashia taa za nyumba miaka mingi. Imestaafu tu, haijafa."

"Basi pensheni yake ije kwangu," Mikidadi akajibu, wakacheka.

Fanuel akazifunga zile seli katika sanduku la chuma, wakaliweka stoo, nyuma ya jiko. Tangu hapo umeme ukikatika majirani walikuja kuchaji simu, na Mikidadi alitembea barazani kwake kama diwani.

Jambo la kwanza lilikuwa dogo. Arafa, mke wake, alisikia stoo ule mlio laini ambao gari lao hutoa linapowashwa. Akachungulia uani. Gari lilikuwa limezimwa, na funguo zilikuwa juu ya friji. Kisha ikaja harufu ya magadi na tope bichi, kama ya kando ya ziwa, ikipita chini ya mlango wa stoo.

"Ni betri hiyo," alisema Mikidadi.

"Betri inanuka tope?"

"We Arafa, lini uliwahi kunusa betri?"

Halafu Kauthar akaanza kuchoka. Alikuwa anaamka mchangamfu, lakini akifika shuleni kalamu inamshinda kushika. Zahanati wakampima, wakasema hana malaria, damu anayo. Baba yake akadhani ni uvivu. Arafa peke yake ndiye aliyegundua kwamba siku mbaya zaidi zilikuwa zile zinazofuata umeme kukatika.

Jioni moja umeme ukakatika Kauthar akiwa amepakatwa na mama yake. Taa za betri zikawaka. Mtoto akalegea. Taa zikang'aa kuliko kawaida, na kadiri zilivyong'aa ndivyo vidole vya mtoto vilivyozidi kuwa baridi.

"Zima!" Arafa alinong'ona, kana kwamba yuko mtu asiyepaswa kusikia. "Mikidadi, zima hizo taa!"

Mikidadi akakimbilia swichi kubwa ukutani, akaizima, lakini taa zikaendelea kuwaka, akaizima tena na tena huku jasho likimtoka, na kule stoo ule mlio laini ukalia, ukanyamaza, ukalia, kama gari la mtu aliyechoka kusubiri abiria, na ile harufu ya tope ikajaa sebuleni mpaka ikawa kama wanavuta pumzi chini ya maji.

"Mwanangu," Arafa aliuliza polepole, "nani yumo stoo?"

"Mgeni."

"Mgeni gani?"

"Alipiga hodi siku ile mlipoleta betri. Nikasema karibu." Kauthar alifumba macho. "Mlinifundisha nisimwache mgeni mlangoni. Lakini mama, anakula sana."

Asubuhi yake, umeme ukiwa umerudi, walimwita Ustaadh Najim, aliyemfundisha Mikidadi Kurani utotoni, kule Ngarenaro.

"Shikamoo, ustaadh."

"Marahaba. Nionyesheni."

Akasimama mbele ya mlango wa stoo, akasoma kimya kimya, kanzu yake ikaloa mgongoni. Aliporudi sebuleni akaomba maji.

"Huyu alipanda gari lenu huko Momela, miaka mingi iliyopita," alisema. "Alipenda gari lisilo na kelele. Mlikuwa mnamtembeza, naye hakuwa na neno na nyinyi. Sasa mmemfungia ndani, na safari hana."

"Basi mfukuze!"

"Hakuvunja mlango, Mikidadi. Alikaribishwa. Mgeni aliyekaribishwa husindikizwa, na wa kumsindikiza ni yule aliyemkaribisha."

"Mtoto hawezi hata kusimama!" Arafa alilia.

"Ndiyo maana twende leo. Kesho hatakuwa na nguvu za kuaga."

"Na tutamsindikiza mpaka wapi?" Mikidadi aliuliza.

"Mpaka mgeni mwenyewe aseme inatosha, rudini. Asiposema..." Ustaadh akanywa maji yake.

Wakamwita Fanuel afungue nyaya za sanduku. "Mimi ni Mlutheri, ustaadh," alisema, "lakini leo omba kwa lugha yoyote unayoijua." Wakalipakia nyuma ya gari. Fanuel akabaki langoni.

Mchana ule ukungu ulikuwa umeshuka kutoka mlimani. Kauthar alikaa nyuma na mama yake, na kati yake na mlango kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeikalia, ila kitambaa cha kiti kilikuwa kimebonyea na kuloa. Betri mpya ilikuwa imejaa walipotoka, lakini walipoiacha barabara kubwa pale Usa River kipimo kilianza kushuka, kikashuka kwenye mlima na kikashuka hata kwenye mteremko, na kila mara Arafa alipomuuliza mtoto, "Anasemaje?" mtoto alijibu, "Anasema bado," na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyojibu mwanzo.

Gari likazimika lenyewe karibu na ziwa.

Kauthar akashuka. Alitembea ameinua mkono wake mmoja juu, kama mtoto anayeshikwa mkono na mtu mrefu. Arafa alimfuata nyuma, huku ustaadh akimshika ushungi asimkimbilie mtoto. Maji yakamfika mtoto vifundoni.

"Muulize, mwanangu. Muulize kama inatosha."

"Anasema bado kidogo."

Maji yakapita magoti, yakapanda gauni, na mtoto aliendelea, naye Arafa akauvua ushungi ukabaki mkononi mwa ustaadh, akaingia majini na viatu vyake, na ndipo heroe wote, wale ndege warefu wa rangi ya waridi waliokuwa ziwani, wakaruka kwa pamoja, mamia yao, bila sauti hata ya bawa moja.

Mkono wa Kauthar ukashuka.

"Amesema inatosha," alisema. "Turudi." Kisha, kwa adabu, akageukia ukungu. "Kwaheri."

Arafa akamkumbatia, akaona vidole vinapata joto, akacheka na kulia. Na Mikidadi, ambaye kwa miaka yote aliwaaga wageni wake kando ya ziwa lile, akainua mkono huku machozi yakimtiririka, na yakamtoka maneno aliyoyazoea.

"Kwaheri! Karibu tena!"

Ustaadh akafumba macho. Kutoka ndani ya ukungu sauti ya upole ikajibu:

"Asante."

Leo Kauthar anaruka kamba na kushinda wenzake. Lakini nyumbani kwao mtu akipiga hodi, wote watatu hutazamana kwanza.

Nawe nakuomba ukumbuke jambo moja tu: ukimuaga usiyemjua, kwaheri peke yake inatosha.