Kingo za Chini

Kila alipotoka shuleni, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaenda uani kumsaidia mjomba wake, fundi seremala. Mjomba alikuwa akimjengea Mama kibanda cha kushonea nguo. Fremu ilikwisha simama. Ilibaki kuivisha plaiwudi, mbao za tabaka nyembamba zilizogandishwa kwa gundi. Jina la Chiriku alipewa na majirani, maana mdomo wake haukupoa.

"Plaiwudi hunywa maji kupitia kingo," Mjomba alimwambia, akimkabidhi brashi na kopo la rangi ya mafuta. "Paka zote nne, hata wa chini."

Chiriku alipaka za juu na za pembeni. Kufikia za chini ilibidi kuzigeuza mbao zile nzito, na nje wenzake walikuwa wakiruka kamba. "Nani atalala kifudifudi kuziangalia?" alijisemea, akaosha brashi.

"Umemaliza?" Mjomba aliuliza kesho yake.

"Zote, Mjomba!"

Mjomba akapigilia misumari.

Mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Siku ya nne, kuta zilikuwa zimevimba chini, tabaka zikiachana kama kurasa za daftari lililolowa. Mama alishika kiuno.

"Kaka, umenilipulia kazi! Mtu hamfanyii dada yake hivi."

"Hata mimi sielewi," alisema Mjomba, akipapasa ule uvimbe.

"Basi nitatafuta fundi anayeelewa."

Mjomba alikusanya vifaa vyake kimoja kimoja, akalibeba sanduku. Chiriku aliogopa kusema, lakini kumwona mjomba wake akiondoka na lawama isiyo yake kulimuuma zaidi.

"Si yeye, Mama! Ni mimi. Kingo za chini sikuzipaka rangi. Nilidanganya."

Mama aliketi juu ya tofali. "Kaka, nisamehe. Nimekuvunjia heshima bure."

Mjomba alilitua sanduku, akatoa msumeno. "Tutakata palipovimba, tuzibe kwa mbao ngumu." Kisha akamgeukia Chiriku. "Mikono ikikosea, hufundishwa. Lakini ukificha kosa, mwenzako ndiye huadhibiwa, na wewe hujifunzi kitu."

Jioni ile Chiriku alipaka kila ukingo, wa chini kwanza. Alipomaliza, Mama aliinama kukagua, mmoja baada ya mwingine. Chiriku alisimama kando akisubiri, wala hakunung'unika.