Ufagio wa Kijani Ndani ya Simu

Kila asubuhi Mama Makochi hufungua karakana yake mapema. Jina hilo alipewa na wateja. Watu humletea makochi yaliyobonyea, yaliyopasuka, yaliyokojolewa na watoto. Yeye huvua kitambaa cha zamani, hung'oa pini zilizoshika kutu, huweka sponji mpya, kisha hulivisha kochi upya. Likirudi nyumbani, mwenyewe huona hata aibu kulikalia.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea mageti. Karakana zao zinatenganishwa na ukuta mmoja tu. Mchana hula pamoja, wamekaa juu ya kochi la mteja, wametandika magazeti ili wasilichafue.

Simu ya mume ilikuwa ya vibonye. Akitaka kutazama video, huazima ya mkewe. Siku moja, wakati wa chakula, aliiazima. Alitaka kuona jinsi ya kutengeneza geti la kusukuma. Akabonyeza. Video haikufunguka. Ulifunguka ukurasa mwekundu wenye maandishi makubwa:

ONYO! SIMU YAKO INA VIRUSI. PICHA NA NAMBA ZAKO ZITAFUTIKA. SAFISHA SASA.

Simu ikatetemeka mkononi mwake.

"Mama Watoto, simu yako inaumwa," alisema.

"Inaumwa nini tena?"

"Virusi. Lakini dawa iko hapa hapa. Tena bure."

"Basi itibu, bwana. Mimi mikono yote gundi."

Mume akabonyeza Safisha. Simu ikauliza swali. Hakulisoma. Akabonyeza Ruhusu. Ikauliza tena. Ruhusu. Ikauliza tena. Ruhusu. Alifanya kama mtu anayemfungulia mgeni milango yote ya nyumba kwa sababu mgeni amejiita daktari. Mwishowe kwenye kioo pakatokea picha ya ufagio mdogo wa kijani.

"Imepona," alisema, akamrudishia.

Kuanzia hapo simu haikuwa na adabu tena. Mama Makochi akitaka kutazama saa, linatokea tangazo la viatu. Akimaliza kuzungumza na mtu, linatokea tangazo la mchezo. Betri ikawa inaisha kabla ya mchana. Simu ikawa ya moto kama pasi. Kila tangazo lilikuwa na alama ya X pembeni, ndogo kama punje ya mchanga. Kidole kikiikosa kidogo, unajikuta kwenye duka la programu, unaambiwa upakue kitu usichokitaka.

Siku moja alikuwa akimwonyesha mteja picha za vitambaa. Ghafla simu ikapaza sauti: "Una kitambi? Usione aibu! Tunakusaidia!"

Mteja alikuwa mtu mnene. Akakunja uso.

"Mama, hayo unaniambia mimi?"

"Hapana, baba! Samahani. Si mimi, ni simu."

Mteja akasema atarudi kesho. Hakurudi.

"Simu nimenunua mimi, bando nanunua mimi," Mama Makochi alilalamika. "Lakini anayetawala humo ni mtu mwingine."

"Simu za siku hizi ndivyo zilivyo," mume alijibu. "Utazoea."

Na kweli, akazoea.

Mama Makochi alikuwa na dada mmoja tu. Walimwita Dada Mkubwa. Mama yao alipofariki, Dada Mkubwa aliacha shule ili amlee mdogo wake. Sasa aliishi mji mwingine na binti yake. Mwaka huo alianza kuumwa tumbo. Akalazwa. Madaktari wakasema atapasuliwa siku ya Ijumaa. Mama Makochi akapanga kusafiri Alhamisi, ili amwone kabla hajaingizwa chumba cha upasuaji.

Lakini hali ya Dada Mkubwa ilibadilika. Madaktari wakaamua kumpasua Jumatano. Mama Makochi hakujua.

Jumatano hiyo alikuwa anapaka gundi kwenye sponji. Simu ikaita. Akachungulia, akaona jina: Dada Mkubwa. Akajifuta mikono haraka kwenye aproni.

Kufumba na kufumbua, tangazo likalifunika lile jina. Lilikuwa la mwanamke anayecheza huku ameshika sabuni. Chini ya tangazo simu iliendelea kuita, lakini kitufe cha kupokea hakikuonekana. Mama Makochi akabonyeza ile X. Likafunguka duka. Akarudi nyuma. Likaja tangazo lingine. Simu ikanyamaza.

"Jamani, dada yangu!" alisema.

Simu ikaita mara ya pili. Safari hii kioo kiliganda kabisa. Mwanamke wa sabuni alisimama mkono juu, anatabasamu. Mama Makochi akabonyeza kila mahali. Hakuna kitu.

Mumewe alisikia makelele, akaja mbio na miwani yake ya kuchomelea kichwani. "Izime! Izime uiwashe!"

Wakaizima. Ilichukua muda mrefu kuwaka. Mama Makochi alipopiga, alipokea binti wa dada yake.

"Mama Mdogo, wameshamwingiza upasuaji. Hali ilibadilika ghafla. Alikupigia mara mbili."

"Alikuwa anataka kuniambia nini?"

"Nilimuuliza. Alisema ni neno lake yeye na mdogo wake. Halafu akasema, labda una kazi nyingi, tusikusumbue."

Dada Mkubwa hakuamka tena.

Baada ya mazishi, Mama Makochi alirudi nyumbani. Hakulia mbele ya watu. Lakini na mumewe aliongea yale ya lazima tu: chakula kipo, ufunguo uko pale. Siku moja maneno yakamtoka.

"Wewe ndiye uliyeuingiza ule uchafu kwenye simu yangu."

"Na wewe uliniambia niitibu," mume alijibu. Alijuta neno hilo kabla hajalimaliza. Lakini lilikwisha kutoka.

Majirani walikuja kutoa pole. Mmoja wao alikuwa Mwalimu, mwanamke anayefundisha kompyuta katika shule ya sekondari. Wote walikuwa wamekaa kimya sebuleni. Mara simu ya Mama Makochi, iliyokuwa mezani, ikaanza kupiga muziki wa dansi. Watu wakatazamana. Mama Makochi akaifunika kwa kanga, akainama kwa aibu.

Wengine walipoondoka, Mwalimu alibaki.

"Dada, samahani. Ule muziki uliufungulia mwenyewe?"

"Hujifungulia. Ndiyo tabia yake. Matangazo yake ndiyo yaliyonizuia nisiongee na marehemu."

Akamsimulia yote. Mwalimu akaomba simu. Akafungua Mipangilio, kisha orodha ya Programu. Akasoma majina polepole mpaka akaukuta ule ufagio.

"Huu mliutoa wapi?"

Mume alikuwa amesimama mlangoni. "Ni mimi," alisema. "Ulitokea ukurasa mwekundu. Ulisema simu ina virusi."

"Shemeji, sikiliza. Ukurasa wa mtandaoni hauwezi kuona virusi ndani ya simu yako. Ule ulikuwa uongo. Ni tangazo lililovaa nguo za onyo."

"Sasa ningefanyaje?"

"Usibonyeze kitu chochote ndani yake. Hata ile X, kwa sababu huweza kuwa mtego. Bonyeza kitufe cha kurudi mwanzo, kisha ifunge kabisa ile programu ya mtandao uliyokuwa unatumia. Basi. Na ukihitaji programu, itafute mwenyewe kwenye duka la programu la simu yako. Hata huko, soma inachoomba. Ufagio unataka nini na majina ya ndugu zako?"

Akawaonyesha ruhusa ulizopewa ule ufagio. Moja ilikuwa ya kuonekana juu ya programu nyingine.

"Hii ndiyo iliyofunika simu aliyokupigia dada yako," alisema kwa sauti ya chini.

Akajaribu kuufuta. Simu ikakataa.

"Umejifanya msimamizi wa simu," Mwalimu alieleza. "Kwanza tunauvua usimamizi. Halafu tunauondolea ruhusa. Sasa tunaufuta."

Akampa Mama Makochi simu, ili abonyeze mwenyewe. Ufagio ukatoweka. Wakafuta na michezo miwili ambayo hakuna aliyejua imeingiaje. Wakazima arifa za tovuti zilizokuwa zinaleta matangazo. Programu moja haikufutika.

"Hii ilikuja na simu kutoka dukani," Mwalimu alisema. "Haitoki. Tunaweza kuizima tu."

"Yaani nimenunua simu yangu ikiwa na mpangaji ndani?"

"Ndivyo ilivyo, dada. Mimi pia inaniudhi."

Mama Makochi aliigeuza simu mkononi. Kisha akauliza, "Hawa watu wa ufagio wanapata nini?"

"Wanalipwa na wenye matangazo. Kila tangazo likionekana, wao wanapata chao."

"Kwa hiyo siku ile dada yangu ananipigia, kuna mtu alilipwa?"

Mwalimu alitazama chini. "Ndiyo," alisema.

Mume akaja, akaketi sakafuni karibu na miguu ya mkewe. "Nisamehe," alisema. "Sikusoma. Niliogopa picha zako zitapotea."

Mama Makochi alimtazama. Hakuisogeza miguu yake.

Simu ikatulia. Betri ikaanza kufika jioni. Ikiita, jina linaonekana, anapokea. Binti wa dada yake hupiga mara kwa mara, na wote wawili wameacha kuulizana lile neno lilikuwa nini.

Mwezi uliofuata alikuja mteja, msusi kijana, kuulizia kiti cha saluni. Alipokuwa anapiga picha ya kitambaa, simu yake ikajaa tangazo. Akasubiri. Likaja jingine. Akasubiri.

"Hayo matangazo yalianza lini?" Mama Makochi aliuliza.

"Aa, achana nayo, mama. Hayanisumbui. Nimeshazoea."

"Na mimi nilikuwa nimezoea," alisema Mama Makochi. "Hebu kaa hapa."

Wakakaa juu ya sponji mpya. Mama Makochi hakuishika simu ile. Alimwelekeza tu msusi: fungua Mipangilio, sasa Programu, soma majina, hii uliileta wewe? Iondolee ruhusa. Sasa ifute. Hakumweleza habari za Dada Mkubwa. Msusi alifuta vitu vinne, akacheka kwa mshangao.

Kabla hajaondoka simu yake iliita. Akapokea mara moja.

"Haloo, mama? Shikamoo. Ndiyo, nakusikia vizuri. Sema, nakusikia."

Akatoka nje ili aongee kwa nafasi. Mama Makochi akageuza uso ukutani, akachukua koleo, akaendelea kung'oa pini.